Mipaka ya Mnyaa

Jumanne, 14 Aprili. Asubuhi mawingu mazito, kisha rasharasha isiyolowesha hata mchanga wa juu. Saa nne jua likatoka kali, na mchana kutwa hapakuwa na upepo.

Mkono wangu wa kulia bado wanuka mnyaa. Nimeusugua kwa sabuni ya mche, nikausugua kwa jivu, harufu ipo. Naandika haraka kabla sijaanza kujiambia kwamba nililoliona sikuliona vizuri. Ndiyo tabia yangu: jambo likinishtua, kesho yake nalipunguza.

Leo nimemwona Bwana Shamba amepiga magoti nje ya waya wa kampuni, jembe mkononi, analima.

Kwa mtu mwengine si habari. Wazee wangapi hapa Mishomoroni hulima? Lakini huyu ni jirani yetu wa nyumba ya tatu, na miaka yote niliyomjua hakuwa na jembe nyumbani kwake. Nikimpita na langu begani, alikuwa akigeuza uso kama mtu aliyeoneshwa kidonda.

"Hicho si chombo, Mama Zuhura," alikuwa akiniambia. "Hiyo ni adhabu iliyotiwa mpini."

Jina la Bwana Shamba alirudi nalo kutoka upande wa Tanga, ambako mtu wa serikali anayefundisha kilimo huitwa hivyo. Jina lake la kuzaliwa nalijua, ila nikiliandika hapa nitaona kama naandika habari za mtu mwengine. Mwenyewe alilipenda la kazi. Ukimwita "mzee" aliitikia. Ukimwita "Bwana Shamba" alisimama wima kwanza, ndipo akaitikia.

Ni mrefu, mkavu. Suruali yake ina mkunjo wa pasi, nayo huifunga kiunoni kwa tai ya zamani badala ya mshipi. Huvaa buti nyeusi za mpira mpaka msikitini, akaziacha nje mlangoni, na hazijawahi kuibwa. Mume wangu husema mwizi atazipeleka wapi, zanuka mbolea mpaka barabara kuu. Na mfukoni mwake, siku zote, kamba ya katani yenye mafundo. Hiyo ndiyo kamba yake ya kupimia mistari. Akiongea huitoa akaipitisha vidoleni, na akishika jambo la maana huivuta ikakazika, ukajua sasa hakuna kumkatiza.

Alitudharau, nisifiche. Sisi wanawake wa bondeni twalima mchicha, kunde na mihogo, twauza mafungu. Yeye mchicha hakuuita mchicha. Aliuita majani. "Mwashinda juani kwa ajili ya majani." Lakini kila jioni mkewe alituma mtu kwangu kuchukua fungu, na siku mtu akichelewa, yeye mwenyewe alikuja kupiga hodi.

"Hodi, Mama Zuhura. Yale majani yapo?"

Nami sikuwahi kumwambia hayapo.

Kuna visa viwili alivyovisimulia mara nyingi, na alivisimulia akicheka. Navileta vyote viwili kwa sababu leo nimeona vilikuwa kisa kimoja.

Ujanani alikuwa kibarua kwenye shamba la mkonge la kampuni ya wageni. Shamba hilo alilipenda. Alisema ukisimama mwisho wa mstari huoni mwisho wa pili, na mistari yote imenyooka, na king'ora kikilia alfajiri watu hutoka majumbani pamoja kama maji yaliyofunguliwa. Palikuwa na zahanati, palikuwa na shule. Mwenzake mmoja alipanda kunde katikati ya mistari ya mkonge, pale mchanga unapokaa bure. Msimamizi akaziona. Akamwita Bwana Shamba, akamwambia zing'oe. Akazing'oa zote mbele ya mwenzake.

"Na jioni tukazila," alimalizia. "Mimi na yeye, sahani moja. Kunde zina makosa gani?"

Cha pili ni cha kijiji cha ujamaa. Alivuka mpaka kutafuta kazi, akafikia kijiji ambako watu walikuwa wakiunganisha mashamba wawe na shamba moja la wote. Alijua mistari, kwa hivyo akapewa kamba. Kamba hii hii, alisema, ingawa mume wangu asema hakuna kamba ya katani inayoishi miaka hiyo yote, na huenda mume wangu ana haki. Kazi yake ilikuwa kuongoza watu kung'oa mipaka ya zamani. Mama mmoja aliukumbatia mnyaa wake akakataa kuuachia. Mnyaa ni mti wa vijiti, hauna majani ya maana, lakini ukivunjika hutoa maziwa, na maziwa yale yakiingia jichoni ni balaa. Yule mama yakamwingia. Bwana Shamba akakimbia kutafuta maziwa ya ng'ombe, akamwosha macho, akampeleka kivulini. Halafu akarudi akamalizia mpaka wake.

Alicheka hapo pia. Sisi tulicheka naye. Mwanahamisi tu ndiye hakucheka.

Mwanahamisi ni mwenye kipande kilichopakana na changu. Ana ulimi, lakini hasemi uongo. Alimuuliza, "Na yule mama alipona macho?"

"Alipona."

"Na shamba la wote lilipona?"

Bwana Shamba akaipitisha kamba vidoleni. Akasema mwaka wa kwanza mvua ilikuja vizuri, waliimba wakilima, wakapata bomba na darasa, na yeye mwenyewe akapelekwa kusomea kilimo bila kulipa kitu, yeye mtoto wa kibarua. Hilo hatalisahau. Miaka iliyofuata, kila mtu akawa na bustani nyuma ya nyumba yake, mbichi mbichi, na shamba la wote limejaa magugu mpaka kiunoni. Naandika yote mawili kama alivyoyasema.

"Kwa bepari nililima nikimwogopa msimamizi," alisema siku hiyo. "Kwenye ujamaa nililima nikikiogopa kikao."

"Na mimi je?" akasema Mwanahamisi. "Mimi nalima nikimwogopa nani?"

"Wewe waogopa njaa. Na katika hao wote njaa ndiyo mbaya."

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Maneno kama ubepari nayajua kwa mdomo wake tu, kwa hivyo siwezi kusema alikuwa na haki au hakuwa nayo. Najua kwamba hakuwahi kuusifu ubepari bila kuusifu ujamaa. Kilichokuwako kote kuwili, naye alikipenda, ni ukubwa.

Sasa lazima nieleze bonde letu. Liko chini ya nyumba, kuelekea mikoko, na si letu. Ni la jamaa wa mjini, watu wa biashara wa zamani, ambao babu yao alimruhusu mama mkwe wangu na wenzake kulima. Anayetoka bara huona ajabu, lakini hapa kwetu mchanga waweza kuwa wa mtu na kilicho juu yake kikawa cha mtu mwengine. Nyumba yangu hii ni yangu na imesimama kwenye mchanga wa watu. Nusu ya mtaa ni hivyo. Na tulilelewa tukijua kwamba aliyepanda mti ana neno. Hafukuzwi kama kuku, ataketishwa, ataulizwa. Ndiyo sababu mwenye mchanga akikuruhusu kulima hukwambia panda mihogo, panda mchicha, usinipandie mti. Lakini wale wazee wetu walipanda kidogo kidogo, na babu yule alinyamaza. Mwanahamisi alikuwa na mkorosho wa mamake. Mimi nilikuwa na mlimau na mipapai. Na kati ya kipande na kipande palikuwa na mnyaa, mzee, mnene kama mkono, uliopandwa na watu walio makaburini sasa.

Bwana Shamba hakuweza kuupita mnyaa ule bila kuupiga teke kwa buti.

"Mwalima leso," alisema. "Kila mtu leso yake. Trekta litageukia wapi ndani ya leso?"

"Leso yangu yanisitiri, mzee," Mwanahamisi akamjibu. "Na hebu toka hapo, wakanyaga mbegu."

Lakini mwaka juzi mvua za vuli zilitupita. Tulipokaa tumevunjika moyo, yeye alikuja siku baada ya siku na kamba yake, akachora mchangani. Tuunganishe vipande. Tung'oe mipaka. Tukodi trekta, tupande mahindi kwa mistari, tugawane sawasawa. Hakutaka chake, naapa. Mkewe alimwambia mbele yetu aombe hata mistari miwili, akakataa. "Nikiwa na changu sitaweza kuwaambia ukweli," alisema.

Mwanahamisi ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Alimtazama akamwambia, "Mkorosho wa mamangu ukatwe. Na ule mndimu wako uani, nao wautia trekta?"

Kwa sababu alikuwa nao. Mndimu mmoja tu, uani mwa nyumba yake iliyo kwenye mchanga wa watu kama zetu. Choo chake kilipotaka kuchimbwa upya, fundi alisema mndimu uondoke, yeye akalihamisha shimo.

"Mndimu ni dawa," akasema Bwana Shamba.

Tulicheka mpaka Mwanahamisi mwenyewe akacheka, na nafikiri kicheko kile ndicho kilichomfanya akubali.

Trekta lilikuja kabla ya masika. Liliusukuma mnyaa wote mpaka ukingoni mwa mikoko, rundo refu kuliko mtu, maziwa yakitiririka. Mkorosho ulikatwa kwa msumeno, na mlimau wangu na mipapai pia. Bwana Shamba alikuwa mbele na kamba yake, mgongo umenyooka, na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile. Na kweli ni kweli: tulivuna kuliko msimu wowote. Tuligawana bila ugomvi. Mwanahamisi alinong'ona, "Wallahi, mzee yuwajua," na mimi nilisema amina.

Baada ya mavuno wakaja watu na vyombo vya kupimia. Babu yule wa zamani kesha kufa, wajukuu wamelikodisha bonde kwa kampuni ya mboga. Tukaitwa barazani kwa chifu. Aliyewasemea wale jamaa, mmoja wa wajukuu, alikuwa kijana mpole, alitusalimia kila mmoja, shikamoo mama, shikamoo mama. Akasema familia yake yaheshimu desturi. Aliyepanda mti atasikizwa.

"Basi nionesheni miti," akasema.

Tulitazamana. Bonde lilikuwa jeupe, safi, limenyooka kutoka barabarani mpaka mikokoni, na ndani yake hapakuwa na hata kijiti. Sisi wenyewe tulikuwa tumelipa mtu aje kuling'oa neno letu.

"Miti!" Mwanahamisi alisema. "Mngekuja mwaka jana, mngetoka bondeni na macho mekundu!"

Watu wakacheka. Ndipo Bwana Shamba akasimama. Hakuna aliyemwita. Alitoa kamba yake, akaivuta.

"Miti ilikuwako," akasema. "Niliing'oa mimi. Niling'oa kwa ajili ya maendeleo. Lile halikuwa shamba, lilikuwa vipande vipande. Sasa ni shamba moja."

Yule kijana akainamisha kichwa kwa heshima.

"Ahsante sana, mzee. Ni kama usemavyo. Ni shamba moja, na lina mwenyewe mmoja."

Nimeishi, nimezika, nimeona mambo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizimika vile. Alibaki amesimama, kamba imelegea mikononi, mpaka chifu akamwambia kaa mzee. Alikuwa amekuja kutuokoa. Mimi naamini hivyo. Wengine wanaamini alikuwa ameshapewa chochote, na wana haki ya kuamini wanavyotaka, kwa sababu ndiye aliyetung'olea na ndiye aliyesema. Mimi sikuona dalili. Kesho yake mndimu wake ulikuwa umekatwa, kisiki kibichi, ndimu zimetapakaa uani. Mkewe alisema alishika panga mwenyewe. Mume wangu asema ule mti ulikuwa na ugonjwa. Yawezekana.

Tangu siku hiyo hakuja tena kuuliza majani, na mimi sikuwa na majani ya kumpa.

Kampuni ikatia waya. Ikajenga nyumba ndefu za plastiki nyeupe, ndani yake maji yadondoka kwenye mipira tone kwa tone, na mchicha hupandwa mezani, juu kabisa, mtu asiiname. Mwanahamisi ameajiriwa humo. Alipwa kila Jumamosi, na asema mgongo wake umepumzika kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Sijamsikia akililia jembe. Mimi nilikwenda kuomba, nikaambiwa nafasi zimejaa, nirudi. Sijarudi. Sasa nanunua mchicha sokoni na kuuza kwa mafungu madogo zaidi, na wateja wangu wa zamani huutazama kwanza, jambo ambalo hawakulifanya nilipokuwa naulima.

Basi leo, saa nne na nusu hivi, natoka sokoni napita kando ya waya, nikaona buti. Halafu nikaona jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usisimame hapo, Mama Zuhura, wanifunikia mstari."

Kamba ilikuwa imetandazwa chini, imekazwa kwa vijiti viwili. Kando ya kamba, vishimo. Kwenye vishimo, vijiti vya kijani.

"Wafanya nini?"

"Napanda boma. Waya waibwa. Meneja ataka boma la mti, liote haraka, lisiliwe na mbuzi. Nikamwambia ni mti mmoja tu."

Nilivitazama vile vijiti. Nikatazama alikovitoa. Lile rundo la mikokoni, lililosukumwa na trekta, halikufa. Mnyaa haufi ukitupwa, huota pale pale ulipoangukia. Lilikuwa limechipuka lote, na yeye alikuwa amelikata na kulipakia kwenye mkokoteni.

"Mzee," nikasema. "Hii si ndiyo mipaka yetu?"

"Ndiyo."

"Watufungia nje kwa mipaka yetu wenyewe?"

Alijifuta uso kwa bega, si kwa kiganja, kwa kuwa ayajua maziwa yale. Ndani ya waya Mwanahamisi alipita na kreti, ana aproni ya kijani, akatupungia mkono, halafu alipoona vile vijiti akaushusha mkono.

"Nilitaka shamba kubwa maisha yangu yote," akasema Bwana Shamba. "Lile pale. Liangalie lilivyo zuri. Wanaruhusu niingie mpaka mlango wa pili."

Nilikuwa na hasira, na yeye alikuwa amepiga magoti, na mtu akihimili hasira zako akiwa magotini huna pa kuziweka. Akachagua kijiti kimoja kinene, akaninyooshea.

"Hiki kimetoka kwako. Upande wa mlimau. Kishike, ukipande."

"Nilipandie boma la kampuni, tena bure?"

"Panda. Siku moja watauliza mti huu kaupanda nani. Nitasema Mama Zuhura."

"Mzee, mara ya mwisho uliposema kwa niaba yetu, wajua kilichotokea."

Akacheka. Kile kile kicheko cha kunde, kicheko cha yule mama wa mnyaa, lakini kifupi.

"Ndiyo maana nataka upande mwenyewe."

Kutoka ndani msimamizi akapaza sauti, "Mzee! Huyo ni nani? Leo kibarua ni wewe peke yako!"

"Huyu si kibarua!" akajibu bila kugeuka. "Huyu ni mwenye mpaka!"

Msimamizi akacheka akaenda zake. Nami nikainama, nikakitia kijiti shimoni, nikakandamiza mchanga kwa mkono huu. Sijui nimempandia nani. Kama ni kampuni, nimeifanyia kazi ya bure. Kama ni mimi, basi nina mti mmoja duniani, na uko upande wa nje. Nimekaa na swali hili tangu asubuhi na siwezi kulimaliza, na mtu aliyesoma zaidi yangu huenda angelimaliza kwa mstari mmoja.

Nilipoondoka alinyanyuka, akafunua ndoo yake, akatoa fungu la mchicha, ule ambao kampuni haiuzi kwa sababu ya tundu moja mbili, hupewa vibarua. Akaniwekea juu ya kapu langu.

"Chukua majani," akasema.

Jioni tumekula sima, dagaa kidogo, na mchicha huo nilioutia tui la nazi. Baba Zuhura aliuliza umetoka wapi, nikamwambia, akamega tonge jengine. Zuhura aliomba mwengine. Nilikuwa nimetaka uwe mchungu. Ulikuwa mtamu.